Kunyoa Ndevu Bila Vipele: Wembe Mmoja, Maji na Povu

Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ni mji wa watu wanaonyoa kwa sababu ya kazi. Askari, ofisa uhamiaji, ofisa forodha na wakala anayekimbizana na nyaraka za mizigo ya Zambia na Kongo, wengi hutakiwa kuripoti asubuhi kidevu kikiwa safi. Dereva aliyelala kwenye foleni ya malori naye hushuka na kidumu cha maji, akanyoa mbele ya kioo cha pembeni kabla ya kwenda dirishani kwa maofisa. Wengi wao wananyoa kila siku, wananyoa haraka, na shingo zao zinaonyesha: vipele chini ya taya, ngozi iliyogeuka nyeusi, mikwaruzo isiyopona.

Mwongozo huu ni wa mwanamume anayenyoa mwenyewe, kwa mashine ya mkono inayowekwa wembe wa kawaida wa makali mawili. Hoja yake ni moja. Kwa ndevu za kipilipili, kama zilivyo za wengi wetu, kunyoa vizuri maana yake ni kukata ndevu zikawa sawasawa na ngozi, basi. Anayetafuta shavu lisiloparuza hata kidogo akilipapasa anatafuta vipele. Vingine vyote, kuanzia mashine, maji na sabuni hadi mkono wako, vinapangwa kufuata lengo hilo.

Vipele vinatoka wapi

Unywele wa kipilipili huota ukiwa umejipinda. Ukiukata kwa mshazari, unabaki na ncha kali. Ukianza kukua tena, ncha hiyo hupinda kurudi kwenye ngozi na kuichoma kutoka nje. Kuna njia ya pili, mbaya zaidi: unywele umekatwa chini kabisa ya ngozi, kwa hiyo hata kabla haujatokeza unatoboa ukuta wa kitundu chake ukiwa ndani. Mwili unauchukulia unywele huo kuwa kitu kigeni. Ngozi inavimba, inawasha, wakati mwingine inatunga usaha.

Hapo ndipo nyembe za plastiki zenye makali matatu au matano zinapotuponza. Makali ya kwanza huunasa unywele na kuuvuta nje kidogo, yanayofuata hukata, na unywele ukiachiwa hurudi chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka hiyo ni sifa. Kwa mwenye za kipilipili ni mwanzo wa matatizo. Mashine ya wembe mmoja haivuti. Inakata pale ilipofika na kuondoka. Kuinyoosha ngozi sana kwa vidole kuna madhara yale yale, maana ukiiachia ngozi, unywele unazama.

Mashine na wembe

Mashine ya aina hii si kitu kipya. King Camp Gillette wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1904, na umbo la msingi halijabadilika sana: kichwa cha chuma kinachoubana wembe mwembamba na kuacha ukingo mdogo tu nje, na kishikio. Zipo zinazofunguka juu kama milango miwili, na zipo za vipande vitatu unavyovifungua kwa kuzungusha kishikio. Kwa anayeanza, chagua yenye ukingo wa chini ulio laini na mzima. Ile yenye meno kama kitana waachie waliozoea. Chagua pia yenye uzito kidogo, kwa sababu uzito wa kichwa ndio utakaofanya kazi ambayo mkono wako umezoea kuifanya kwa nguvu.

Ukiikosa kwenye maduka ya Tunduma au ng'ambo ya pili Nakonde, muulize mtu anayekwenda kufunga mzigo Mwanjelwa, Mbeya, au Kariakoo. Kabla hujalipa, weka wembe, kaza, kisha itazame mashine kutoka juu. Makali yanatakiwa kutokeza sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukitokeza zaidi ya mwingine, legeza, sawazisha, kaza tena. Ukiona bado umepinda, hiyo mashine irudishe, itakukata kila siku upande ule ule.

Wembe ushike kwa ncha zake fupi, zile zisizo na makali. Usiupanguse kwa kitambaa wala karatasi, utauharibu kabla haujagusa uso. Majina kama Topaz na Nacet wengi wetu tumekua nayo nyumbani, yakitumika kukata kucha na nyuzi za cherehani, lakini si kila wembe unapatana na kila ngozi. Jaribu aina mbili tatu, kila moja kwa unyoaji kadhaa, ndipo uamue. Mpakani bidhaa ni nyingi na za kila namna, kwa hiyo ikague pakiti: wembe wenye madoa ya kutu kabla ya kutumika, au pakiti yenye maandishi yaliyofifia, uache dukani.

Wembe mmoja tumia mara tatu, ukizidi sana tano, kisha utupe. Watu hushangaa kwamba unywele, kitu laini hivyo, unaweza kuharibu chuma. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha jibu katika jarida la Science. Waliona kwamba unywele unapopinda mbele ya makali, nguvu yake hukusanyika mahali padogo ambapo chuma kina udhaifu, na kipande kidogo kisichoonekana kwa macho kinameguka. Unywele uliolowa vizuri hukatika kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo wembe na uso vyote vinapumzika. Ukisikia wembe unavuta badala ya kukata, usisubiri hesabu ifike. Badilisha.

Maji kwanza

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tunaitumia methali hii kuonyana kuhusu misukosuko, lakini kwa anayenyoa ni kweli neno kwa neno. Unywele mkavu ni mgumu. Ukikaa majini dakika mbili hadi tatu hunywa maji, huvimba na kulainika. Kupaka maji na kuanza kukwangua papo hapo ni kana kwamba hukupaka.

Njia rahisi kuliko zote ni kunyoa baada ya kuoga. Ukiwa huna nafasi ya kuoga, osha uso kwa sabuni ya kuogea, kisha weka kitaulo kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwenye taya na shingo, na kikipoa kiloweshe tena. Kuosha uso usikuruke hata siku moja kama unafanya kazi kando ya barabara kuu. Vumbi la malori likibaki kwenye ngozi, wembe unalikokota na kukwaruza.

Juni na Julai Tunduma hupigwa na baridi, na maji ya bomba asubuhi yanauma. Pasha moto kidogo, lakini yasiwe ya kuunguza. Maji ya moto sana huondoa mafuta ya ngozi, nayo ngozi kwa majira hayo tayari imekauka kwa upepo.

Angalia pia aina ya maji. Maji ya baadhi ya visima ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Utayajua kwa sababu sabuni haitoi povu, inaacha utando mweupe kwenye beseni. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, kinga ndoo moja chini ya bati na uitenge kwa ajili ya kunyolea. Huhitaji hata nusu lita kwa siku.

Sabuni na povu

Sabuni ya mche ni ya nguo. Ni kali, inakausha ngozi, na povu lake linazimika kabla hujamaliza shavu moja. Sabuni ya kuogea ina nafuu, lakini nayo imetengenezwa kuosha na kutoka haraka. Sabuni ya kunyolea, iwe ya kibonge, ya kijiti au ya tyubu, imetengenezwa kwa kazi tofauti: povu lake ni zito, linashika maji kwenye ndevu, na linateleza chini ya wembe. Siri yake ni asidi ya steariki iliyo nyingi, na potasi inayoifanya sabuni iwe laini zaidi kuliko ile ya sodiamu peke yake.

Ukiwa na brashi ya kunyolea, fanya hivi:

1. Lowesha brashi kwa maji ya uvuguvugu, kisha ikung'ute ibaki na unyevu tu.
2. Izungushe juu ya sabuni kwa nusu dakika hadi ncha za nywele zake zijae ute mzito.
3. Hamia kwenye bakuli, au moja kwa moja usoni, uendelee kuzungusha. Ongeza matone machache ya maji, zungusha, ongeza tena.
4. Acha kuongeza maji povu linapokuwa zito na lenye kung'aa, kama mtindi mzuri, bila viputo vikubwa.

Hatua ya tatu ndiyo wengi wanaikatisha. Wakiona povu limejaa wanadhani limeiva, kumbe ni hewa tupu. Lipime hivi: chukua kidogo, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiteleza bila vidole kukamatana, anza kunyoa. Vidole vikinata, bado linataka maji. Likichuruzika, umezidisha, rudi kwenye sabuni uongeze kidogo.

Usipokuwa na brashi, viganja vinatosha kwa sabuni ya tyubu. Sugua ukienda kinyume cha ndevu ili povu lifike kwenye mashina, kisha lilaze. Na kama ulichonacho ni sabuni ya kuogea tu, iongezee matone mawili ya glisirini, ile ile ya dukani inayopakwa kwenye ngozi. Povu halitakuwa jingi, lakini litateleza, na kuteleza ndiko kunakoilinda ngozi. Mafuta mengine usiyachanganye. Mafuta mengi yanaua povu na kuziba wembe.

Wakati wa kiangazi upepo hukausha povu likiwa bado usoni. Paka upande mmoja, nyoa, ndipo upake mwingine.

Ijue ramani ya ndevu zako

Kabla ya kunyoa kwa njia hii mara ya kwanza, acha ndevu siku mbili. Kisha pitisha ncha za vidole usoni: juu kwenda chini, chini kwenda juu, kulia, kushoto. Upande unaohisi laini ndiko ndevu zinakolala, unaoparuza ni kinyume chake. Kwenye mashavu, kwa wengi, zinalala kuelekea chini. Shingoni hapana sheria. Kuna watu ambao ndevu za upande mmoja wa shingo zinapanda na za upande mwingine zinalala kuelekea sikioni, na chini ya taya zinazunguka. Wengi huinyoa shingo yote kwa kwenda juu, tena kwa kasi, na vipele vingi huota hapo hapo.

Chora kwenye karatasi uso na shingo, weka mishale. Bandika karibu na kioo mpaka uizoee.

Mkono

Weka kichwa cha mashine bapa shavuni, kishikio kikiwa kimetoka nje moja kwa moja. Kisha shusha kishikio polepole mpaka uhisi wembe umegusa. Hapo umefika kwenye pembe inayofaa, kama nyuzi 30 hivi. Ukishusha zaidi utakwangua, ukipandisha wembe hautakata kitu.

Usikandamize. Shika kishikio karibu na mwisho wake, kwa vidole, usikikamate kwa ngumi. Pitisha kwa mapigo mafupi, yasiyozidi upana wa vidole viwili, kisha suuza wembe. Sikiliza: wembe unaokata ndevu zilizolowa vizuri hutoa sauti ndogo ya kuchakacha. Sauti ikipotea na wewe bado unapitisha, hakuna ndevu tena hapo, unanyoa ngozi.

Mzunguko wa kwanza fuata ndevu zinakolala, kwa mujibu wa ramani yako. Suuza uso, paka povu upya, na kama bado kuna mabaki, mzunguko wa pili pitisha kwa ubavu. Kisha acha. Kunyoa kinyume cha ndevu kutakupa shavu laini jioni hiyo na shingo yenye moto baada ya siku mbili. Na kamwe usirudie mahali ambapo povu limeisha, hata kama umebakiza unywele mmoja unaokukera.

Sehemu tatu zinahitaji uangalifu. Kwenye koromeo, meza mate na ushikilie kidogo, litasogea. Au isogeze ngozi taratibu pembeni, unyoe ikiwa juu ya sehemu bapa. Chini ya pua, vuta mdomo wa juu kuelekea chini na utumie mapigo mafupi zaidi. Kidevuni zungusha kichwa chako, si mashine, ili wembe ubaki kwenye pembe ile ile.

Baada ya wembe

Suuza kwa maji ya baridi hadi sabuni yote itoke. Kisha chukua jiwe la shabu, lile jeupe la sokoni, ulilowanishe kwa maji na kulipitisha taratibu. Shabu hukaza ngozi na kuzuia damu kwenye mikwaruzo midogo. Pia litakufundisha: pale linapochoma zaidi ndipo ulipokandamiza au uliporudia. Liache dakika moja, suuza, jikaushe kwa kugusagusa na taulo safi.

Spiriti inayopakwa saluni inaua vijidudu, lakini inakausha ngozi, na ukiipaka kila siku utaongeza kuwasha. Ukiwa umenyoa kwa wembe wako safi, si lazima. Malizia na losheni nyepesi isiyo na manukato, au glisirini iliyozimuliwa kwa maji.

Mashine nayo isuuze, ikung'ute, iache wazi ikauke. Kuiacha ndani ya bakuli lenye maji hadi kesho ni kuununulia wembe kutu.

Kama vipele vimeshakuwepo

Usivitoboe, wala usingoe unywele kwa kibano. Unywele uliong'olewa ukiota upya hutoboa tena kutoka ndani. Unachoweza kufanya ni kukanda kwa kitaulo cha uvuguvugu, na ukiona unywele umejikunja juu ya ngozi, unyanyue ncha kwa sindano iliyosafishwa, uuache pale pale.

Vikiwa vingi, dawa ya uhakika ni kupumzika. Acha kunyoa kwa wembe wiki tatu hadi nne. Katika muda huo punguza kwa mashine ya umeme, ukiacha ndevu fupi zinazoonekana. Kazi isiyoruhusu ndevu ni kikwazo cha kweli, kwa hiyo mwone daktari akupime na kukuandikia barua kwa mkuu wako. Ukirudi kunyoa, nyoa kila baada ya siku mbili au tatu ukiweza.

Jihadhari na krimu zinazosifiwa kuondoa weusi kwa siku chache. Nyingine zina steroidi kali zinazokondesha ngozi, na vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania. Vipele vya kisogoni vinavyogeuka makovu magumu, au uvimbe unaotoa usaha mara kwa mara, si vya kujitibia. Anzia hospitali iliyo karibu nawe, Vwawa au Mbeya. Kwa yanayoshindikana, Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 ndani ya hospitali ya KCMC, kinachotibu na kufundisha watabibu wa ngozi.

Kwa kinyozi, na wembe uliokwisha

Kuna siku utataka kunyolewa. Nenda na wembe wako, au hakikisha unafunguliwa kwenye karatasi yake mbele yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku saba, kwa hiyo wembe unaoonekana mkavu na safi huenda si salama. Kwa sababu hiyo hiyo, wembe na shabu haviazimwi, hata kwa ndugu wa damu.

Na kinyozi akikuuliza, "Kaka, nikupige zero?" mjibu, "Hapana fundi, niachie namba moja, shingo yangu inatoa vipele." Fundi mzuri hatakasirika, maana wateja wa namna yako anao wengi.

Wembe uliotumika usiutupe kwenye mfuko wa taka wala uchochoroni ambako watoto wanacheza. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, lifunge kabisa, toboa mfuniko kwa mpasuo mwembamba unaotosha wembe mmoja kupita. Kopo moja litakufaa miaka. Likijaa, kandamiza mpasuo na ulifukie mbali, au lizamishe kwenye shimo la choo.

Uanzie wapi

Usibadilishe kila kitu siku moja, hutajua kilichokusaidia. Wiki ya kwanza endelea na wembe na sabuni yako ya sasa, ila ongeza zile dakika mbili hadi tatu za maji. Wiki ya pili achana na kunyoa kinyume cha ndevu. Wiki ya tatu badilisha sabuni, ujifunze povu. Mashine mpya iwe ya mwisho, na siku ya kuijaribu iwe Jumamosi jioni, wakati huna bosi wa kumwahi asubuhi. Ngozi inahitaji wiki kadhaa kusahau mazoea ya zamani, kwa hiyo ipime shingo mwisho wa mwezi. Vipele vikiwa vimepungua, baki hapo hapo hata kama shavu linaparuza kidogo jioni.